Mti wa Waya na Vizibo

Hakupenda kuitwa mwalimu. Ukimwita hivyo alisimamisha alichokuwa akifanya, akafuta mikono kwenye koti lake jeupe lililokuwa limeacha weupe zamani, akasema, "Walimu wako ofisini wanakunywa chai. Mimi naosha vyupa." Basi sote tulimwita Mama wa Maabara, na baadaye Mama tu, ingawa shule yetu ya wasichana pale Iringa ilikuwa na akina mama tele, wakiwemo matroni na wapishi. Ukisema umetumwa na Mama, hakuna aliyekuuliza Mama yupi.

Kazi yake kwa karatasi ilikuwa kutunza maabara ya baiolojia. Alifungua mlango asubuhi, akahesabu hadubini, akabadilisha spiriti kwenye chupa za panzi na nyoka, akafukuza wasichana waliokuja kuchemshia chai kwenye moto wa maabara. Elimu yake aliisema bila haya: kidato cha nne, na daraja ambalo alisema halifai kutajwa mbele ya watoto. Lakini karibu kila ninachokijua juu ya undugu wa viumbe, na siku hizi mimi ndiye ninayelipwa mshahara kwa kukifundisha kule Makongolosi, nilikipata kwake nikiwa nimesimama kando ya sinki na kitambaa cha kukaushia vyombo mkononi.

Juu ya sinki hilo, kwenye boriti, ulining'inia mti wake. Aliutengeneza mwenyewe kwa waya wa kufungia nondo na plaizi yenye mpini uliofungwa kitambaa. Shina lilikuwa juu na matawi yalishuka chini. Waya mmoja mnene ulitoka kwenye boriti, ukagawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, na tena, mpaka chini kabisa ambako vilining'inia vizibo vya soda. Kwenye kila kizibo alibandika kitu: unyoya wa kuku, kipande cha gamba la konokono, picha ya mamba aliyoikata kwenye kalenda, punje ya mahindi. Na kila palipogawanyika hakukaza waya. Aliweka kitanzi kidogo ili tawi liweze kuzunguka.

Dirisha la pale lilikuwa na kioo kilichovunjika, na nina hakika aliwaomba mafundi wasikizibe. Upepo wa Iringa mnaujua. Uliingia hapo mchana kutwa na mti haukutulia hata kidogo.

"Nani ndugu wa karibu wa mamba?" alituuliza siku ya kwanza.

"Mjusi," tukasema.

"Kwa nini?"

"Si wamekaa pamoja?"

Akaupuliza mti kwa mdomo. Tawi la mamba na kuku likageuka, na sasa kuku ndiye aliyekuwa kando ya mjusi, mamba yuko upande wa pili. "Na sasa? Mjusi amehamia kwa kuku?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akashika waya wa mamba kwa vidole viwili, akapanda nao taratibu hadi kwenye kitanzi. "Usitazame nani amesimama na nani. Huo ni upepo tu. Panda na waya mpaka njia panda. Mamba na kuku wameachania hapa. Mjusi alishaondoka kitambo, huku juu."

Wenzangu wengi walilipokea hilo kwa sababu lingetoka kwenye mtihani. Mimi lilinikaa rohoni, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa mtoto wa Kisukuma katikati ya Wahehe na Wabena, mtoto wa wafugaji wa Usangu, na nilikuwa nimezoea kuulizwa kila siku ninasimama na nani.

Ulipokuwa huelewi, alikupandisha basi. Mabasi yake yalikuwa ya kichwani, na yote yaliondoka Iringa. "Wewe unakwenda Njombe, huyu Tukuyu, huyu Mbeya mjini. Mmepanda wote hapa, mmekula wote mahindi ya kuchoma Mafinga. Mkifika Makambako, wa Njombe anawaaga, anashika njia yake. Wawili wanaendelea. Wanaachana wapi?" Tukajibu Uyole. "Basi wa Tukuyu na wa Mbeya ni ndugu kuliko wa Njombe. Hata kama wa Njombe na wa Tukuyu wote wanafika kwenye baridi na mvua, wote wamevaa masweta. Sweta si undugu." Neno hilo la sweta alilitumia mpaka likawa la shule nzima. Msichana akijigamba kwamba anafanana na tajiri fulani wa mjini, mwenzake humjibu, sweta hiyo.

Alikuwa na orodha yake ya watu wa sweta, kama alivyowaita. Popo na ndege. Nyoka na mkunga, yule samaki mrefu. Wa kwanza kwenye orodha ni pimbi, wale wanyama wadogo wanaoota jua kwenye mawe ya Iringa, ambao kila mtu anawaona ni panya wakubwa au sungura waliokatwa masikio. Mama alisema ndugu yao wa karibu ni tembo. Matroni aliposikia alishika kiuno akacheka hadi akakaa chini. Jumapili iliyofuata Mama alimkokota hadi kwenye mawe nyuma ya shule, wakakaa huko saa mbili wakisubiri pimbi mmoja apige miayo, ili matroni aone meno yake mawili ya mbele yalivyochongoka kama vipembe vya tembo. Matroni alirudi na viatu vilivyochanika, akasema meno ameyaona, lakini tembo hajamwona.

Sokoni alikuwa balaa. Nilimsindikiza mara nyingi siku za Jumamosi, na sijawahi kuona mtu anayechelewa kununua viazi kama yule. Alishika kiazi mviringo mkono mmoja, nyanya mkono mwingine, akamwambia muuzaji hawa ni ndugu, na pilipili hoho ile pale ni ndugu yao, na tumbaku inayolimwa Chunya ni ndugu yao pia. Muuzaji akaashiria fungu la viazi vitamu, akauliza, "Na hawa, Mama? Hawa si ndugu wa kiazi, maana wote ni viazi?" Mama akasikitika kwa dhati. "Kiazi chako hiki kiko karibu na sigara ya mumeo kuliko na kiazi kitamu." Yule mama akamtazama, akaongeza viazi viwili juu ya fungu ili aondoke.

Msidhani alikuwa mtu wa akili tu, asiye na mapungufu. Alikuwa na vituko vyake. Kinyonga, ambaye alikuwa na kizibo chake kwenye mti na historia yake yote aliijua, alimkimbiza mbio. Siku moja mmoja aliingia maabara kwa lile dirisha, na tulimkuta Mama amesimama juu ya meza, koti amelikunja hadi magotini, anatuamuru tumtoe kwa ufagio bila kumdhuru, "maana hana kosa, kosa ni langu." Alikuwa mchoyo wa spiriti kiasi kwamba aliichuja na kuitumia tena, lakini sweta zake tatu ziligawiwa kwa wasichana waliokuja bila sweta, na yeye alikaa Julai nzima anatetemeka.

Jumapili aliimba kwaya kwenye kanisa la Kilutheri, sauti ya pili. Kuna mzee mmoja wa kanisa alimfuata baada ya ibada akamwambia anasikia anawafundisha watoto kwamba babu yao ni nyani. Tulikuwa karibu, tukatega masikio. Mama akamjibu kwa upole mkubwa, "Hapana, baba. Nyani si babu yetu. Nyani ni kama mtoto wa baba mdogo. Sisi na yeye tuna babu mmoja ambaye wote hatumjui jina." Mzee akafikiri. Akasema hilo kidogo lina nafuu. Mama akaongeza, kwa kuwa hakujua kuacha mambo yakiwa mazuri, "Na uyoga pia tuna babu naye, tena yuko karibu nasi kuliko kabichi." Hawakusalimiana vizuri mpaka Pasaka.

Alikuwa na binti mmoja, mdogo kwetu kwa miaka michache, aliyekuja maabara jioni akitoka shule ya msingi. Walifanana kwa namna ya ajabu: mwendo uleule wa kurusha mguu wa kushoto nje kidogo, kicheko kilekile cha puani. Kila mgeni alisema mmefanana kama pacha, na Mama, ambaye mtu akisema kitu chochote kinafanana na kingine alimkatisha kwa hotuba, hapo alinyamaza akatabasamu. Mimi niliona ni majivuno ya kawaida ya mzazi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu sweta.

Sasa nije kwenye jambo la nyumbani kwetu, ambalo nimelizunguka kama paka na uji wa moto.

Bibi yangu, mama yake baba, alihama Usukumani akiwa na wanawe na ng'ombe, na katika ng'ombe aliofika nao Usangu alikuwepo jike mmoja mwenye madoa meupe na mekundu. Walimwita Madoa. Alikuwa wa Bibi mwenyewe, alipewa na mama yake. Bibi alikuwa na neno moja tu ambalo baba hakuthubutu kulipinga: uzao wa Madoa usiishe zizini kwetu. Wengine wauzwe, wachinjwe, watolewe mahari, lakini wa Madoa abaki hata mmoja. Madoa alikufa nikiwa mdogo. Mwaka uleule alizaliwa ndama jike mwenye madoa yaleyale, hadi lile la jichoni. Watu wakafurahi, wakasema Madoa amerudi, wakampa jina lake. Kwetu ng'ombe hupewa jina kwa rangi yake, na hakuna aliyeona kuna la kuuliza.

Nikiwa kidato cha tatu malisho yalibanwa sana, huku mashamba ya mpunga, kule maeneo yasiyoruhusiwa kuingiza mifugo. Baba alilazimika kupunguza ng'ombe kwa zaidi ya nusu. Niliporudi shuleni kutoka likizo fupi nilimsimulia Mama tukiosha vyupa. Nikasema la Bibi halina wasiwasi kwa sababu Madoa yupo.

"Mama yake nani?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo Madoa wenu wa pili. Mama yake nani?"

Sikujua. Nikasema anafanana na Madoa wa kwanza kabisa. Nilipolisema tu nikamwona anaweka chupa chini.

Likizo ya Juni alikuja Usangu. Hakualikwa na mtu. Alishuka kwenye basi na mkoba wa nguo, robota la waya, plaizi, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo. Baba alimpokea kwa heshima kama mgeni wa serikali, akamwita mwalimu, akajibiwa yale ya kuosha vyupa. Siku mbili nzima walikaa kwenye magogo kando ya zizi. Mama akiuliza, baba akijibu, waya ukipinda.

"Huyu mwenye pembe moja, mama yake nani?"

"Hiyo Kipembe? Mama yake ilikufa ule mwaka wa ukame. Ilikuwa nyeusi, na matiti mbaya."

"Na mama wa huyo mweusi?"

Baba akachora chini kwa fimbo. Kumbukumbu za vizazi vyote alikuwa nazo, kila ndama na mvua aliyozaliwa nayo. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kwa mpangilio ule. "Mama yake," akasema polepole, "ni Madoa. Madoa ya zamani ya Bibi."

"Na Madoa huyu wa sasa?"

"Huyu mama yake ni ile kahawia tulinunua mnadani." Akajishika kichwa. "Sasa jamani. Hii si ng'ombe ya Bibi."

Ng'ombe walio hai walipewa vizibo vyenye alama zilizochorwa kwa msumari, waliokufa walibaki vitanzi vya waya. Mti ulipotundikwa kwenye nguzo ya zizi, kizibo cha Kipembe kilining'inia peke yake chini ya kitanzi cha Madoa wa zamani, na cha Madoa wa sasa kilikuwa tawi la mbali kabisa. Na Kipembe, ng'ombe mbaya wa sura asiye na maziwa ya maana, alikuwa kwenye kundi la wa kuuzwa wiki ile. Nakumbuka Mama alivyofurahi. Alikuwa anajizuia, lakini nilimwona. Aliondoka kesho yake, na baba alimfungia jogoo wa zawadi.

Baba akambakisha Kipembe. Madoa akaenda mnadani, kwa sababu ndiye aliyenona, na wa kubaki walikuwa na idadi yao iliyokwisha kupangwa.

Bibi wakati huo macho yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho. Kila jioni Madoa aliletwa mlangoni kwake, akamkuna chini ya shingo, wakakaa hivyo. Maziwa aliyokunywa yalikuwa ya huyo tu. Jioni ya siku ile ya mnada tulimletea Kipembe, na baba akamweleza kwa Kisukuma, kwa furaha, kwamba huyu ndiye mjukuu halisi wa Madoa wake. Bibi akanyoosha mkono. Akapitisha shingoni, akapanda usoni, akagusa kile kisiki cha pembe. Akarudisha mkono mapajani. "Huyu mgeni," akasema. "Wangu yuko wapi?"

Maziwa ya Kipembe hakuyanywa, si siku ile wala baadaye. Akaacha kutoka nje jioni. Alimwomba baba kizibo cha Madoa kilichokuwa kimetolewa kwenye mti, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Alifariki wakati wa masika. Sisemi ng'ombe ndiye aliyemwua, alikuwa mzee na alikuwa na maradhi yake. Lakini alikufa akiamini tumemwibia, na mimi ndiye niliyepeleka habari kwa aliyefanya hivyo.

Ndivyo nilivyoliona wakati ule. Niliporudi shuleni Julai sikuingia tena maabara ila kwa kipindi, tena nilikaa nyuma. Mama aliniita mara mbili au tatu kupitia lile dirisha lililovunjika, nikajifanya sikusikia, nikapita mbio. Hakuniuliza na sikumwambia. Nilimaliza kidato cha nne, nikabeba sanduku langu hadi stendi bila kumuaga. Mtu aliyenipa kazi ninayofanya. Nimekuwa na miaka mingi ya kuona aibu kwa hilo na nimeitumia yote.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Desemba, nilifika nyumbani Usangu nikaukuta ule mti wa zizini ghalani, umepata kutu, vizibo vingine vimedondoka. Baba alisema niutupe. Badala yake niliuviringisha kwenye gazeti, na nikirudi Makongolosi nilifunga safari ya kinyume, nikaenda Iringa.

Nyumba yake iko mteremkoni, chini ya mawe ya pimbi. Mlango alifungua yule binti, sasa mwanamke mzima, na kwa mwendo ule wa mguu wa kushoto nikadhani ni Mama mwenyewe amekuwa kijana. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, kisha akaita ndani, "Mama, mgeni."

Alikuwa amepungua sana mwili. Vidole vilikuwa vimepinda na hakuwa na koti jeupe, ila plaizi ilikuwa palepale mezani, na dirishani palining'inia mti mdogo wa waya.

"Yule aliyekuwa anapita mbio," akasema. "Kaa."

Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kuhusu Bibi, kuanzia mkono ule uliogusa pembe hadi pindo la kanga. Nilisema pia kwamba nilimchukia, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Binti alileta chai, akaondoka. Mama akaufungua mti wangu kwenye gazeti, akaupapasa kitanzi kwa kitanzi.

"Yule Madoa wa zamani," akasema mwisho, "aliwahi kuzaa dume?"

"Sijui."

"Mpigie baba yako."

Nikampigia, nikaweka spika. Baba akaamkiana na Mama kwa furaha, akauliza kama jogoo alikuwa mtamu. Mama akamuuliza. "Dume? Ilizaa, ndiyo," akasema baba. "Ile kubwa tuliuza mwaka wa mafuriko."

"Lilikuwa zizini kabla ya kuzaliwa Madoa wa pili?"

"Ilikuwepo," akasema baba. "Na dume zingine mbili zilikuwepo. Wote wanalala zizi moja, Mama. Nani atajua?"

"Kwa hiyo inawezekana yule Madoa alikuwa mtoto wake."

"Inawezekana. Inawezekana isiwe. Mbona mnaniuliza leo?"

Nilikata simu. Mama alikuwa anatazama dirishani. "Nilifuata akina mama tu," akasema. "Kwa sababu baba yako alikuwa anawakumbuka, na waya ulikaa vizuri. Nilifurahi ulivyokaa vizuri. Sikuuliza kuhusu akina baba. Miaka yote nawaambia sweta si undugu, na ni kweli, lakini sweta nyingine mtoto amepewa na baba yake. Niliwaona sungura wa shule, madoa ya dume yametokea kwa watoto wote, nikakaa chini palepale."

"Lini?"

"Muhula uleule. Agosti."

Agosti Bibi alikuwa hai. Alikuwa amekaa ndani, kizibo kikiwa kwenye kanga. Neno moja tu lilitakiwa limfikie, kwamba huenda mkono wake haukukosea, kwamba huenda alikuwa akimkuna mjukuu wa Madoa wake miaka yote ile na sisi ndio tulikosea. Neno hilo lilikuwa dirishani, linaniita, na mimi nilikuwa napita mbio. Nililia pale bila kuficha, mwanamke wa umri wangu, kwenye kochi la watu. Mama akanisogezea kikombe cha chai.

Nilipotulia nikafungua pochi, nikampa kizibo. Nilikitoa kwenye kanga ya Bibi siku tuliyomzika na sijakiacha tangu hapo. Akakigeuza, akaisoma alama ya msumari. Kisha akavuta droo, akatoa kigurudumu cha uzi mwekundu.

"Mbona si waya?" nikauliza.

"Waya ni wa ninachokijua." Akanionyesha ule mti mdogo wa dirishani. Ulikuwa wa watu wa ukoo wake, kaka na dada na watoto wao, wote kwenye waya. Chini ya kitanzi chake mwenyewe kulikuwa na kizibo kimoja, kimefungwa kwa uzi mwekundu uleule.

Nilisikia vyombo vikioshwa jikoni, na kile kicheko cha puani kikijibu redio.

"Huyu binti niliachiwa hospitalini, ana siku nne," akasema Mama kwa sauti ya kawaida, wala hakuishusha. "Mwenyewe anajua. Waya wake sijui unapandia wapi. Lakini anapokaa napajua."

Vidole vyake havikuweza fundo, kwa hiyo nilifunga mimi, chini ya kitanzi cha Madoa wa zamani, naye akakata uzi kwa meno. Tukautundika mti kwenye komeo la dirisha. Akaupuliza. Pumzi haikutosha, akafungua kioo, upepo ukaingia wenyewe. Matawi yakazunguka, na kizibo cha Madoa kikaja taratibu kikasimama kando ya cha Kipembe, vikagusana.

"Usitazame hapo," akasema Mama. "Huo ni upepo tu."

Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameegemea mbele, na hakuondoa macho mpaka vilipoachana.